Sinema za Norwe kwa Tafsiri Yangu

Jumamosi, 11 Januari. Buffalo, Marekani

Sinema ya tatu ya Norwe. Mbaya kuliko mbili za kwanza, na zile zilikuwa mbaya. Ndugu wawili wanagombania ua wa mbao. Saa moja na nusu, ua. Wanakunywa kahawa, wanatazama dirishani, mmoja anakohoa, imekwisha. Nimefika mwisho kwa sababu rimoti ilikuwa upande wa Mama.

Huu ni mpango wa kaka Yona, wa Louisville. Mdogo wetu Riziki yuko Norwe mwaka wa tisa sasa, ameolewa na mzungu fundi umeme, ana mimba. Donc Yona akaamua: kila Jumamosi nyumba tatu, yake, ya dada Esta, mke wa mchungaji kule Columbus, na hii yangu na Mama, zitazame sinema moja ya Norwe. Kisha kila mtu atume maoni kwa sauti kwenye grupu la familia. Ati tujue dada yetu anaishi na watu gani. Mama anasema wa mwisho, ndiye mkubwa.

Mama hasomi Kiingereza. Mimi nasoma maandishi ya chini, namtafsiria papo hapo. Kazi naijua. Kambini, Kigoma, tulipokimbilia kutoka Kongo, nilikuwa mtafsiri wa kibanda cha video miaka sita, maikrofoni mkononi. Pale mtafsiri asiyetia chumvi alirushiwa maganda ya karanga.

Yona kasifu utulivu wa sinema. Esta kasifu masweta. Mimi nimesema takataka. Yona hajanijibu. Asinijibu.

Jumanne, 14 Januari

Riziki kapiga. Anataka Mama aende kumwogeshea mtoto. Mwezi wa tatu, miezi mitatu. Mama amesema tutaona, lakini macho yalishafika kwenye sanduku juu ya kabati. Pasipoti yake ni mpya, haijagongwa muhuri hata mmoja.

Miezi mitatu, nani anamdanganya nani? Riziki atamzoesha, atatafuta karatasi, Mama hatarudi. Mimi nitabaki hapa na hita na friji. Mke alishaondoka zamani, watoto sina. Namchukia Riziki leo. Naandika hivyo hivyo.

Jumamosi, 18 Januari

Sinema ya binti anayerudi kisiwani kwa mama yake mgonjwa. Kweli yenyewe, nimesoma kwa macho yangu: anaomba msamaha kwa kukaa mbali, anaomba aishi naye.

Nilianza vizuri. Kisha binti akafungua kabati la mama yake, nikasikia mdomo wangu unasema anatafuta hati ya nyumba aiuze. Mama akasogea mbele kwenye kochi. Nikaendelea. Binti alipopiga magoti akilia, nikasema anamlazimisha mama atie sahihi apelekwe nyumba ya wazee. Sauti nikaifanya ya kunong'ona, ile ya majambazi, ya kibandani. Bado naiweza.

Maoni ya Mama kwenye grupu: hajaona binti mshenzi kama yule, kuuza nyumba mama yake angali hai, na hiyo Norwe ni nchi gani. Baadaye Esta akauliza, Mama, nyumba ipi?

Nikachukua simu ya Mama nikaiweka kwenye chaji. Nimefurahi. Kabisa.

Jumamosi, 25 Januari

Mzee, mbwa, theluji. Theluji ninayo mlangoni, niitazame na kwenye televisheni pia? Majirani wanamwandalia mzee sikukuu ya kuzaliwa kwa siri. Kwa tafsiri yangu wanapanga kumfungia nje mpaka agande. Keki nikashindwa kuieleza. Nikasema ina sumu.

Mama amewaambia wote: wale ni wauaji, na mzee kala keki huku anacheka, masikini. Yona akauliza sumu gani. Mama akamwambia atazame vizuri.

Jumapili, 26 Januari

Esta amenipigia mimi, si Mama. Aliongea polepole, kama mtu aliyefanya mazoezi. Je, namtafsiria Mama sawasawa? Nikamjibu, ndiyo, neno kwa neno. Kisha akasema basi ni akili za Mama, zimeanza kuchanganyika. Analia.

Hapo ndipo ningesema. Nilisema mtandao unakatika.

Jumatano, 29 Januari

Yona na Esta wameshaamua. Mama hasafiri. Aonane na daktari kwanza. Tukutane kwa Yona wikendi ijayo, tuongee kama familia. Riziki alilia mpaka mumewe akachukua simu.

Nilikuwa Kenmore, kazini. Mzee ninayemtunza ameniuliza mara nne mimi ni nani. Alivaa kiatu kimoja, akasema kingine kimeibwa na mke wake, aliyefariki. Najua kusahau kunafananaje. Kila siku nakuosha kusahau huko, nakulisha kwa kijiko. Na nimempa Mama jina la ugonjwa huo akiwa mzima.

Nimepata nilichotaka. Mbona nina hasira?

Jumamosi, 1 Februari

Hakuna sinema leo. Esta alipiga, akamwuliza Mama leo ni tarehe ngapi, rais ni nani, jana kala nini. Mama akajibu yote. Alipokata simu akaniuliza kwa nini Esta anamwuliza maswali ya mtoto wa chekechea.

Nikasema sijui. Uongo huo ni wa ngapi sasa, sihesabu.

Jumatatu, 3 Februari

Nimerudi kutoka kazini mapema. Mama yuko jikoni, kasimama, ananipa mgongo. Anataja majina ya wajukuu kwa vidole. Wa Yona wanne, wa Esta watatu. Akamaliza, akaanza upya kutoka mkono mwingine. Akasema na siku walizozaliwa. Hakukosea hata mmoja.

Akaniona. Akauliza kama nitakunywa chai.

Mimi ni mbwa. Hapana, mbwa wa ile sinema alikuwa na adabu.

Ijumaa, 7 Februari. Columbus

Tumelala kwa Esta, kesho Louisville. Esta amebandika picha kwenye makabati yote ya jikoni, kikombe kwenye la vikombe, sahani kwenye la sahani, ili Mama asipotee. Mama alizitazama moja moja. Akafungua kabati lenye picha ya kikombe, akachukua kikombe, akakirudisha.

Nilitaka kuzing'oa. Nikala ugali wa Esta na samaki, nikamsifu. Mwoga mimi.

Jumamosi, 8 Februari. Louisville

Niandike yote, nisipunguze.

Sebule ya Yona, mtaa wa Newburg, saa nane mchana. Yona aliomba kwanza, sala ndefu, Mungu atie nuru kichwani mwa mama yetu. Mama akaitikia amina, kwa sauti ndogo. Kisha Yona akasema tutazame pamoja sinema moja ambayo Mama alishaiona, tujue anakumbuka nini. Akaweka ile ya kisiwa. Akaniambia: haya Simoni, mtafsirie kama kawaida yako.

Wote wananiangalia. Esta anajua Kiingereza, Yona anajua. Nikatafsiri sawa. Neno kwa neno, safari hii kweli. Binti akafungua kabati, nikasema anatafuta shuka za kumtandikia mama yake. Binti akapiga magoti, nikasema, mama nisamehe, nimechelewa, naomba nikae na wewe.

Mama alisikiliza mpaka hapo. Akashika mikono yake akaiweka mapajani.

"Bon, ni kweli wanangu," akasema. "Nimeharibika. Mimi nilisikia mengine kabisa."

Esta akafunika uso.

"Mama, ulisikia sawa," nikasema. "Mimi ndiye niliyekudanganya. Sinema zote mbili. Sikutaka uende."

Yona alisimama, akatoka nje bila koti. Esta ameniita neno ambalo mke wa mchungaji hatakiwi kulijua. Nilistahili, na zaidi. Mama hakunitazama. Alimwomba Esta airudishe sinema mwanzo. Akaniambia nisome. Nikasoma yote, saa nzima na dakika arobaini, koo linauma, na yeye akalia pale binti anapolia.

Mwisho akatoa maoni yake, hakuna aliyemwomba. Ni sinema nzuri. Yule binti alilelewa.

Jumapili, 9 Februari

Barabarani kutwa. Mama kimya kutoka Louisville mpaka tulipoipita Columbus. Hatukusimama kwa Esta, amesema nisikanyage kwake.

Kituo cha mafuta nilimnunulia chai. Akaishika, hakunywa. Nikamwomba msamaha mara ya tatu. Akasema: "Wiki nzima nimekaa najiaga mwenyewe."

Chai ikapoa mkononi mwake mpaka Buffalo.

Alhamisi, 6 Machi

Nimempeleka Mama uwanja wa ndege, anakwenda kwa Riziki. Unga wa muhogo kilo mbili, vitenge, dagaa ndani ya soksi. Nilimwandikia kadi ya Kiingereza ya kuwaonyesha watu, kila mstari na maana yake kwa Kiswahili chini. Akaikunja. Halafu akamwita mama mmoja wa Kikongo kwenye foleni amsomee, ahakikishe. Ni haki yake. Iliuma vilevile.

Jumamosi, 29 Machi

Theluji inayeyuka. Nimefagia nyumba.

Riziki amejifungua wiki mbili sasa, mvulana. Sinema ya leo niliitazama peke yangu. Mwanamke anapaka rangi boti, basi. Nikatuma maoni: takataka. Yona akajibu, mara ya kwanza tangu Louisville. Ameandika: kweli, takataka. Esta bado.

Jioni Riziki kanitumia sauti, bila salamu. Nikadhani ni matusi. Mtoto analialia, nyuma televisheni inaongea Kinorwe, na karibu kabisa na simu ni Mama, anamtafsiria mjukuu. Huyu bwana, anasema Mama, anamwambia mkewe nimemkumbuka mama yangu kule mbali. Mke anamjibu, sasa umekaa unangoja nini. Akamfanyia bwana sauti nene, mke nyembamba, na mlango ulipofungwa kwenye sinema akanong'ona ile sauti ya majambazi. Sauti yangu. Mtoto akanyamaza.

Mama hajui hata neno moja la Kinorwe.

Nimesikiliza mara tatu. Atarudi tarehe 3 Juni. Nimeibandika tarehe kwenye friji.