Nafasi Yako Kwenye Gogo

Baba,

Shikamoo. Jibu lako nalijua. Nimelisikia miaka yote likitoka uani, wewe umeinamia mnyororo wa baiskeli, hata uso hujauinua. Kwa hiyo sitalisubiri, naendelea.

Nakuandikia juu ya nafasi yako kwenye gogo la Kiegeani. Ulipofariki waliiacha wazi mpaka ikasomwa arobaini yako, na hakuna aliyeegemeza kitu pale, hata mwavuli. Kisha dada yangu Hawa akaichukua. Kisha wakataka kumnyang'anya. Sisi waandishi wa habari tumezoea kuanza na mwisho wa habari, lakini wewe hukupenda mtu wa kukumalizia hadithi kabla hujakaa, basi nitaipanga kama ilivyotokea. Jua tu kwamba nyumbani wote ni wazima, na Mama bado anaweka kikombe chako mahali pake.

Utaniwia radhi, nitaeleza mambo unayoyajua kuliko mimi. Ni tabia ya kazi.

Gogo ni ule mnazi ulioanguka pale dikoni, mnapoegemeza baiskeli. Mwenye nafasi ya kwanza hununua samaki kwanza ngalawa zikiingia, wa pili humfuata, hivyo hivyo hadi mwisho wa gogo. Wenye pikipiki husubiri kando na kupata kilichobaki. Nafasi ya kwanza ni ya mzee Shomari, ya pili ilikuwa yako.

Halafu upo mchanga. Kutoka dikoni hadi kwenye lami njia ni mchanga mlaini mtupu, na mtu mwenye tenga la samaki kwenye keria hawezi kuendesha. Anashuka, anasukuma. Sheria yenu ilikuwa moja na haikuandikwa popote: ukimkuta mwenzako anasukuma, unateremka na wewe, hata kama huna mzigo, na unamsaidia mpaka lami. Hakuna anayempita mtu mchangani akiwa amekaa. Mimi niliifahamu sheria hiyo nikiwa darasa la pili. Nilikuwa mwepesi, nikipanda baiskeli ya kikubwa kwa kupitisha mguu chini ya bomba, na niliona naweza kupita pembeni kwenye majani. Ulinyoosha mkono ukanikamata ukosi, ukaniweka nyuma ya keria ya Shomari. Ulisema neno moja, "Sukuma." Tenga pale kwenye keria lilikuwa juu kuliko kichwa changu, na maji ya samaki yakanitiririkia shingoni mpaka kwenye lami. Jioni ulininunulia kashata, na hukusema ni ya nini.

Sasa nije kwenye baiskeli za umeme.

Ya kwanza uliiona wewe, siku ile mgeni mmoja wa hoteli za Utende, miongoni mwa wale wanaokuja kuogelea na papa potwe, alipokupita mchangani. Ulirudi nyumbani umekasirika kwa namna yako, yaani ulikula kimya mpaka ukamaliza. Tulidhani amekugonga. Hakukugonga. Alikupungia mkono, akatabasamu, akapita. Mama akakuuliza kama ni ile mashine iliyokuudhi.

"Mashine sina ugomvi nayo," ulimwambia. "Itamteremsha nani?"

Kesho yake ulilirudia neno hilo kwenye gogo, na Shomari akalichukua likawa lake. Kila baiskeli ya umeme ilipopita, yeye ndiye aliyeuliza kwa sauti: itamteremsha nani? Wote walicheka. Ulipokuwa hai lilikuwa mzaha. Ulipokufa likawa hukumu: mwenye mashine hashuki kwa mwenzake, kwa hiyo si wa gogo.

Hawa alianza kukushikia zamu ulipougua, hilo unalijua. Wiki za mwanzo walimtania, wakimuuliza kama anauza samaki au anawapeleka matembezi. Akavumilia, wakamzoea. Baada ya arobaini hakuna aliyebisha kwamba nafasi ni yake. Tatizo lilikuwa kifua chake. Pumu haikumwacha, na baiskeli yako ni nzito hata ikiwa tupu. Alikuwa anafika soko la Kilindoni watu wameshanunua kitoweo, anarudi na samaki waliolegea. Watoto wake watatu wanakula kutokana na gogo lile, Baba, hawana pengine.

Hoteli moja ilipobadilisha baiskeli zake, Hawa akanunua mojawapo ya zile za zamani. Fundi wa Miburani akaifungia keria ya chuma. Dikoni wakaibatiza Feni, kwa sababu ya mlio wake.

Siku ya kwanza aliwapita mchangani. Nimemuuliza mara kadhaa na jibu halibadiliki: aliogopa kwamba akisimama, mashine haitaondoka tena. Alimpita Shomari, mzee aliyempakata alipozaliwa, naye anasukuma huku jasho linamtoka. Alimpa shikamoo akiwa amekaa kwenye tandiko.

Haikuitikiwa.

Kesho yake Hawa alipoegemeza Feni kwenye nafasi yako, Shomari aliinuka, akaishika mpini, akaisogeza taratibu mpaka penye pikipiki. Hakuisukuma kwa hasira wala hakuiangusha. Aliiwekea stendi, akahakikisha imesimama, akarudi kukaa. Hawa alinunua samaki wa mwisho siku hiyo, na siku zilizofuata.

Tangu hapo alijaribu kujirekebisha. Alikuwa akishuka mchangani na kutembea kando ya mwenzake. Lakini Feni inajiendesha polepole ukibonyeza kitufe, mwenyewe unashika mpini tu, na wakaliona hilo. Shomari alimwambia, "Unaitembeza kama mbuzi wa Idi." Kombo, yule mwenye nafasi ya tatu, alimuuliza kama mbuzi ameshakula. Shikamoo za Hawa ziliendelea kuanguka chini. Kisha ikatangazwa kwamba Ijumaa, baada ya sala, watu wa gogo watakaa na kuamua nafasi ya pili apewe nani.

Hawa akanipigia simu. Hakulia. Alisema, "Kaka, wananihukumu kwa maneno ya Baba."

Nikaomba ruhusa kazini, nikaja.

Nilifanya ninachokijua. Nilikaa na kila mmoja wao nikamuuliza ana ubaya gani na Feni. Mmoja alisema haina sauti ya kutosha, itamgonga mtoto. Mwingine alisema chumvi itaila betri na Hawa atabaki na chuma. Kombo alitoa hoja nzito: leo ni Hawa, kesho tajiri mmoja ataleta kumi na vijana wa kuziendesha, na gogo litakwisha. Hiyo ni hofu ya kweli, nikaiandika. Nilipofika kwa Shomari hakunipa hoja yoyote. Alinikaribisha chai, akaniuliza habari za wanangu, akasema wewe ulikwishajibu. Nikamwambia kwamba wewe hukujibu, ulikuwa umeuliza. Akaniongezea chai.

Alhamisi niliamua kwenda nao njia nzima. Nilipanda baiskeli yako, hiyo hiyo ambayo Hawa aliiacha uani ikiwa imefunikwa gunia. Usiku wa kuamkia siku hiyo umeme ulikatika, na betri ya Feni haikupata chaji ya kutosha. Hawa alijua, lakini samaki wa kolekole walikuwa wengi kiasi kwamba hata wa mwisho alipata, naye alikuwa na hamu ya siku moja nzuri. Akapakia matenga mawili, akaondoka mbele yetu wenzake wakiwa bado wanafunga mizigo.

Tulimkuta katikati ya mchanga. Feni ilikuwa imezimika, imezama mpaka nusu ya tairi, na bila betri ina uzito wa jokofu. Hawa alikuwa ameushika mpini kwa mikono miwili. Pumzi yake niliisikia kabla sijamfikia.

Nikueleze mpangilio. Mbele yangu alikuwa Kombo na wengine wote, na mbele yao Shomari, wote wanasukuma mizigo yao. Mimi nilikuwa wa mwisho. Shomari alipomfikia Hawa, alisimama. Kumpita ilikuwa rahisi, hatua chache tu pembeni, penye majani. Na angepita, Baba, sheria yenu ingekufa palepale kwa mkono wa mlinzi wake, na kila mtu kwenye mstari ule alilijua hilo, yeye kuliko wote.

Hawa alimpa shikamoo, kwa sauti iliyobaki.

Shomari aliiegemeza baiskeli yake kwenye mkorosho. Alikunja kanzu kuukuu aliyovaa, akaifunga kiunoni, akaweka mikono chini ya keria ya Feni. Akageuka akatutazama sisi tuliosimama kama watu waliokuja kuangalia harusi.

"Mnasubiri kadi?" akauliza.

Tukaegemeza baiskeli zote. Miti ya pale haikutosha, nyingine zikalazwa na matenga yake. Feni haikutaka. Tuliisukuma ikazama mbele, tukaivuta ikazama nyuma. Kombo alisema amewahi kumtoa ng'ombe kisimani na ng'ombe alikuwa na adabu zaidi. Shomari, uso chini, mshipa umesimama shingoni, akaanza kukusemesha wewe. "Haji, ndugu yangu," akasema, "umelala huko, mwanao anatumaliza huku." Mtu mmoja akacheka. Kisha Kombo, akiwa hana pumzi ya kutosha, akauliza kama kawaida yenu: itamteremsha nani?

Akajijibu mwenyewe. "Wote, mzee. Imetuteremsha wote."

Kicheko kilichofuata kilitufanya tuiachie Feni, nayo ikamwangukia Shomari mguuni, na yeye alikuwa anacheka kuliko sisi. Hawa alikaa mchangani akacheka mpaka akatafuta dawa yake ya kupuliza. Sijawahi kuona kitu kilichowashusha watu wote wa gogo kwa wakati mmoja. Wewe mwenyewe ulisema baiskeli nzito kuliko zote mlizowahi kusukuma ilikuwa ile ya marehemu fundi cherehani. Hapana. Ni Feni.

Tuliifikisha lami. Shomari akachukua tenga moja la Hawa, Kombo akachukua la pili, Hawa akakanyaga pedali za Feni tupu mpaka Kilindoni. Nami nilifuata nyuma juu ya baiskeli yako, ambayo inavuta kushoto kama zamani. Samaki wote walikwisha.

Ijumaa asubuhi Hawa alikuja dikoni, na bila kuambiwa akaenda kuiweka Feni penye pikipiki. Shomari aliinuka. Akatembea hadi kwake, akaushika mpini, na akaisogeza kwa utaratibu uleule wa siku ile, safari hii kuelekea upande wa pili. Akaiegemeza kwenye gogo. Nafasi ya pili. Akaitikisa kidogo kuona kama imekaa.

"Kinachosukumwa na watu wa hapa ni baiskeli," akasema. "Hiki tumekisukuma."

Kisha akamgeukia Hawa.

"Na zile shikamoo zako zote, binti Haji. Marahaba."

Kombo akapiga kengele ya baiskeli yake. Wa jirani yake akapiga, na wa baada yake, zikaenda hivyo mpaka mwisho wa gogo na kurudi. Wavuvi waliokuwa wanashusha samaki wakasimama kuangalia. Mmoja wa pikipiki, asiyejua kinachoshangiliwa, akapiga honi naye. Nimehudhuria kuapishwa kwa wakubwa na kufunguliwa kwa madaraja. Sikumbuki sauti iliyonifurahisha kama ile. Nilikuwa na kalamu mkononi na sikuandika kitu.

Baada ya sala kikao hakikukaliwa. Walikaa kahawani dakika chache kwa ajili ya hoja ya Kombo tu, na wakaijibu: gogo ni la mtu anayesukuma mwenyewe, si la mwenye mali anayetuma. Ikaongezwa sheria ndogo juu ya ile ya zamani. Mwenye Feni hateremki tu mchangani, anachukua pia tenga zito kuliko yote na kulitanguliza mpaka lami, kisha anarudi. Kitufe kimeruhusiwa. Kwa hiyo kila asubuhi mzigo wa Shomari unavuka mchanga juu ya Feni, na yeye anatembea kando yake akiitukana. Amesema ina tabia za mke mwenza. Wiki iliyopita alimuuliza Hawa, akijifanya anauliza kwa ajili ya mtu mwingine, kama hoteli ile bado inazo.

Hilo ndilo nililotaka ujue. Neno lako walilishika vibaya kwa muda, sasa limerudi mahali pake. Uliuliza, Baba, na umejibiwa.

Kuna jambo moja nilifanya bila idhini yako. Feni haina kengele ya maana, ina kidude kinacholia kama kifaranga. Nimefungua kengele yako kutoka kwenye baiskeli, nikaisugua, nikaifunga kwenye mpini wa Feni. Alipoipiga mara ya kwanza pale barazani, Mama alitoka jikoni mbio na kijiko mkononi. Akasimama mlangoni. Akaona ni Hawa. Akarudi jikoni, lakini aliuacha mlango wazi.

Kaburi lako tumelipalilia. Baiskeli nimebaki nayo mimi, nimeijaza upepo, na nimeamua usukani uendelee kuvuta kushoto. Mungu akurehemu na akupe mapumziko uliyoyakataa hapa. Mimi siku hizi natembea kwa gari la kazini mara nyingi kuliko kwa baiskeli, na madereva wetu wana haraka. Lakini nakuahidi: popote nitakapomkuta mtu anasukuma, gari litasimama, nitateremka, na sitapunga mkono.

Mwanao.