Hesabu ya Beji

Jumapili, 6 Oktoba 2019

Niwie radhi, daftari. Miezi minne! Tangu Otis azaliwe sijakuandikia hata mstari. Kunyonyesha, kufua, kusinzia na kijiko mdomoni. Leo nimerudi kwa sababu nina hasira na sina pa kuimwaga.

Everett, mwenyekiti wetu, ameandika kwenye ukurasa wa chama kwamba watatu katika kila kumi wetu ni transjenda, yaani wanaishi kwa jinsia tofauti na waliyoandikiwa walipozaliwa. Ati chama cha kujifunza kufikiri sawasawa kimegeuka kituo cha kugeuzana! Tuko mia mbili na kumi na wawili. Kila mmoja akaanza kumtazama mwenzake.

Linnea, transjenda anayeishi nasi ghorofani, alisoma asubuhi. Mchana akafunga mizigo, akaenda kwa mama yake Sacramento. Linnea wangu — aliyenishika mkono saa kumi na tisa za uchungu, Nikhil akiwa sakafuni amezimia. Nikhil ni mume wangu. Anasema tusubiri ushahidi. Nimemwambia apande ghorofani akatazame kitanda kitupu.

Everett nitamlipa. Sijui vipi. Nitamlipa.

Alhamisi, 10 Oktoba

Mkutano. Nilikwenda na Otis kifuani, matapishi begani. Nikauliza mbele ya wote: umehesabuje?

Akajibu bila haya. Kwenye pikiniki ya Agosti alipita akisoma beji. Aliyeandika chini ya jina lake kwamba kwa Kiingereza aitwe 'she', kama mwanamke, au 'he', kama mwanamume, alimtia kwenye hesabu. Kumi na wanane kati ya sitini.

"Na mimi niliandika," nikasema. "Pale mezani pa kupokea beji walituambia sote tuandike. Umenihesabu?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Nimezaa Juni, bwana! Mtoto huyu hapa!"

Sauti nyuma: "Samahani, kimantiki kuzaa peke yake hakuthibitishi chochote." Watu wakacheka. Hata mimi. Ndio watu wangu hawa, wataokota kosa hadi kwenye mazishi.

Lakini desturi ni desturi. Mwenye madai huandika namba yake ubaoni na kuweka dau. Everett akaandika thelathini kwa mia. Mimi kumi. Sensa ya chama naitunza mimi, kwa kuwa wenye digrii huona ni kazi ya kuchosha. Mimi napokea simu kwa daktari wa meno. Kufuatilia watu ninajua. Basi fomu za sensa ndizo zitaamua: chini ya ishirini, ushindi wangu. Ikifika ishirini, wake.

Akishindwa, atasimama asome kwa sauti jinsi alivyohesabu beji, kisha aache uenyekiti. Nikishindwa, sensa inakuwa yake. Pamoja na orodha. Fomu hazina majina, zina namba tu. Lakini orodha ya namba na wenyewe ninayo mimi, ndani ya boksi la nepi.

Nikasema sawa. Nikasema haraka mno.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nikhil kaniuliza kama nilifikiri kabla ya kukubali. Sikufikiri. Asiniulize tena.

Jumatano, 16 Oktoba

Fomu 176! Transjenda 24. Hata kumi na nne kwa mia haifiki. Nimecheza na Otis jikoni mpaka dengu zikaungua.

Nimemkuta Everett kwenye foleni ya mgahawa wa burito. Nikamwambia aanze kujizoeza kusoma kwa sauti, maana huwa anameza maneno. Akasema siku bado. Nikasema zako zimekwisha. Ee, tamu! Nataka sauti imkauke mbele ya watu wote. Nataka apige simu Sacramento mwenyewe.

Jumapili, 20 Oktoba

Nimempigia Linnea nimpe habari njema. Alikuwa anamenya tufaha kwa mama yake, nasikia kisu.

"Najua, dada. Wengi wetu hatujajaza."

"Wangapi?"

"Kumi na saba. Tulikubaliana kwenye kundi letu. Wewe tulia tu. Tukinyamaza, unashinda."

Nilikaa kwenye ngazi. Otis ananivuta nywele.

Kumi na saba. Namba yangu nzuri imesimama juu ya watu waliojificha. Nikaipiga hesabu nyuma ya boksi la nepi. Wakijaza hao tu, inakuwa ishirini na moja kwa mia. Everett anashinda, na orodha anaichukua — na jina la Linnea limo.

Nikamwambia ajaze.

"Umerukwa na akili?"

"Pengine. Lakini sitasimama pale niseme nyinyi ni wachache kwa sababu yeye kawafukuza."

"Hilo ni la kwako. Orodha ni ya kwetu."

Akakata simu. Na ana haki! Nimelia kidogo, nikafua.

Jumatatu, 21 Oktoba

Asubuhi nimeichana orodha. Vipande vipande, nikachanganya na nepi chafu, nikatupa lori la taka likiwa linakuja. Everett akishinda atapokea boksi tupu. Dau lilikuwa orodha, najua. Nimedanganya. Watanisema mwaka mzima. Na waseme.

Nimemwandikia Linnea hivyo hivyo. Hajajibu. Amesoma.

Ila kushinda nataka bado! Nataka mno. Nataka nishinde kwa hesabu kamili, asipate pa kushika. Kumi na tisa wengine, ambao si transjenda, hawajajaza kwa uvivu tu, au wamekwama swali la sitini na moja wakibishana na swali lenyewe. Kumi na tatu kati yao wakijaza, hata pamoja na wale kumi na saba, hatufiki ishirini kwa mia. Mmoja wao ni mume wangu! Nimemwambia chakula cha usiku kitafuata fomu.

Mwisho ni Ijumaa saa kumi na mbili jioni. Bado nahitaji niletewe:

Fomu kumi na tatu za hao wavivu, zisipungue hata moja. Ya Nikhil leo hii.

Fomu kumi na sita kutoka kundi la Linnea, kwa njia yoyote, hata kwa posta, bila namba.

Na ya Linnea.