Mbegu za Juu ya Meko

Mjukuu wangu Akinyi,

Hapa Rangwe sote wazima, na ng'ombe amezaa. Unauliza kwa nini natundika mbegu za mtama juu ya meko na dukani zimejaa.

Kazi hiyo ilikuwa ya Adongo, mke mwenzangu mdogo, nami nilimwonea wivu. Mwaka mmoja mvua ilinikuta sina mbegu. Kwa mila yetu mke mdogo hapandi kabla ya mkubwa, nikafurahi kumwona akingoja. Akaniletea nusu ya zake. "Mama Otieno, panda, nami nipande."

Babu yako alipousifu ugali wangu wa mtama ule, niliona haya. Tangu hapo natundika zangu.

Juzi panya wamekula za Adongo. Nusu yake nimeshaitenga. Lakini aje mwenyewe aombe.

Dani, bibi yako