Mkono wa Kulia Bado Unauma

Jumanne, 4 Machi

Nipo nyumbani! Kitanda changu, mto wangu, kelele zangu. Homa ya mapafu imekwisha, nimebakiza vidonge tu. Lakini huu mkono jamani! Dripu ilitolewa juzi, na mshipa unauma kama vile sindano imesahaulika humo ndani. Tena mkono wa kulia, mgongoni mwa kiganja. Si nesi angechagua hata sikio! Ukipapasa, mshipa ni mgumu kama waya. Nesi alisema umekasirika tu, utatulia wenyewe. Niuwekee kitambaa cha uvuguvugu. Wekundu ukianza kupanda mkono, au nikipata homa, nirudi mbio.

Naandika na kushoto. Chiriku, binti yangu, kachungulia akasema hapa kuku amechakura.

Jumatano, 5 Machi

Nimefungua saluni. Baba Chiriku kagomba — pumzika, mke wangu! Nipumzikeje, na mahafali ya chuo ni Jumamosi ya wiki ijayo? Wasichana wote wa mtaa huu wanataka kusukwa. Wote ila mmoja. Wangu!

Chiriku naye anahitimu. Kaweka nafasi ng'ambo ya barabara, kwa Dada Kioo. Mtoto wa msusi kwenda kusukwa kwa jirani! Na si leo tu, tangu aanze chuo hajakalia kiti changu. Yeye anayeongea toka anaamka mpaka taa inazimwa, nikimuuliza hilo anageuka bubu. Sitaki zawadi, sitaki sherehe. Nataka siku hiyo apande jukwaani na nywele nilizosuka mimi mama yake. Basi.

Ijumaa, 7 Machi

Siwezi kukaza! Na kukaza ndilo jina langu hapa mtaani. Nikisuka mimi hazifumuki mpaka uzichoke mwenyewe, na nyusi zinapanda bila kuitwa. Wakilia nawaambia: ukitaka uzuri sharti udhurike. Leo kila nikivuta, mshipa unanirudishia. Nikasuka kilegelege hivyo hivyo, kwa aibu.

Aliyekuwa kitini ni Mwalimu, mteja wangu wa siku nyingi, yule anayekuja na dawa ya kichwa kwenye mkoba. Alikaa amefumba macho, amekunja ngumi, anasubiri. Nikamwambia tumemaliza. Akauliza kwani nimeanza lini!

Nimecheka mpaka kikohozi kikarudi.

Jumapili, 9 Machi

Baba Chiriku ndiye ananiwekea kitambaa siku hizi, kajifanya daktari. Leo kabonyeza mshipa kidogo tu — nikapiga yowe. Akasema, Mama Chiriku, ukitaka uzuri sharti udhurike! Nikamtupia kitambaa usoni. Yeye na bintiye wakacheka hadi machozi.

Halafu nikawasikia jikoni. Chiriku anamwambia baba yake kwamba kila nilipomsuka alilala kifudifudi, hata kugeuza shingo kazi. Akisema inaumiza, mama anamtolea methali. Baba yake akasema, si umwambie? Thubutu, akajibu. Mama anajivunia ule mkono wake, nitamvunja moyo.

Nilisimama na beseni mpaka maji yakapoa. Imeniuma. Kwa hili, mshipa ni mchezo.

Jumanne, 11 Machi

Saluni imefurika! Mwalimu katangaza kama redio. Wamekuja hata waliokuwa wananikimbia, na mmoja kaniletea barafu ya mkono. Barafu, nimeambiwa joto! Nimeshukuru nikainywa na maji ya matunda.

Jirani kamleta mwanawe, yule anayejulikana mtaa mzima kwa mayowe. Kalala! Katikati ya kusukwa, udenda mpaka kwenye taulo. Chiriku alikuwa mlangoni, kaniletea chai. Akamtazama mtoto. Akautazama mkono wangu. Akaondoka bila neno — Chiriku huyo!

Jioni akaniuliza mkono unaendeleaje. Nikasema bado. Akasema pole Mama, lakini pole yenyewe ilikuwa na furaha ndani yake. Nimeiona.

Alhamisi, 13 Machi

Nimebonyeza mshipa. Kimya. Nimebonyeza tena. Nimebeba ndoo ya maji kwa kulia. Hauumi! Ugumu bado upo kidogo, maumivu kwisha. Na leo naandika na kulia, tazama herufi zinavyokaa kwa adabu!

Nilitaka kupiga vigelegele. Lakini Baba Chiriku kaninong'oneza: mwanao kaifuta nafasi yake kwa Dada Kioo. Vigelegele nikavimeza.

Ijumaa, 14 Machi

Amekuja!

Kaja mchana, saluni tupu, nywele kaziosha mwenyewe, kashika chanuo. Hakuingia kwanza. Mama, mkono bado unauma?

Nikaangalia sakafu. Unauma mwanangu. Leo ndiyo kabisa.

Akaketi.

Vidole vyangu vinataka kukaza, ndivyo vilivyozoea. Kila vikianza navigombeza kimoyomoyo. Na Chiriku anaongea! Joho linamfika kisiginoni. Viatu kaazima. Kuna kijana fulani, ambaye eti si mtu wa maana, kamtaja mara nne. Yote haya angeniambia zamani kama angekuwa anakaa hapa. Kisha maneno yakapungua, kichwa kikaniegemea tumboni. Kalala. Mwanangu kalala mikononi mwangu! Nimelia kidogo, na sioni haya.

Nusu kichwa bado. Nimemwegemeza kwenye mto, nikaketi kuandika hili kabla halijanipotea. Nitamwambia ukweli akiamka. Hapana, kesho, akishavua joho. Nimwambie hivi: mkono umepona, lakini sitakaza tena, hata kwako, hata kwa mwingine yeyote. Ataamini? Miaka yote hiyo methali, leo ghafla huruma! Nianzie wapi —

Amefumbua jicho moja. Naliona kwenye kioo.

Mama, mbona unaandika na mkono wa kulia?

Naiweka kalamu nichukue chanuo. Na yeye hajainuka kitini.