Vidole vya Lamine

Jumatatu, 6 Mei

Tangu Idi sijaandika hata mstari mmoja, naomba radhi. Macho yalinisumbua, na sikuwa na la kusema. Leo ninalo. Nimeghadhibika!

Jalila, mama yake Emna, mchumba wa mwanangu Lamine, amekuja na utepe wake wa kupimia nguo. Mke wangu alidhani ni vipimo vya vazi la bwana harusi. La! Alimshika mwanangu mkono, akampima vidole. Cha pete kimekizidi cha shahada kwa urefu. Eti redioni wamesema mwanamume mwenye mkono wa namna hiyo ni mtumwa wa pombe. Kwa hiyo harusi isimame.

Lamine akamwuliza kama na masikio hayapimwi. Alicheka peke yake.

Jumatano, 8 Mei

Kipindi kimerudiwa, nimekisikiliza mwenyewe. Nilijua tu! Kiarabu kina "kama" mbili: *in* kwa jambo la shaka, *idha* kwa jambo linalotarajiwa. Mtangazaji katumia *idha*. Daktari aliyehojiwa alisema *in*: huenda uhusiano upo, tena ukipima watu wengi, si mtu mmoja. Mtangazaji hajui sarufi, na mwanangu anavunjiwa posa — hapa hapa Sfaksi, mji wa wasomi!

Nilikwenda kumweleza Jalila. Hakuacha kushona.

"Mwalimu, mimi sarufi sikusoma. Marehemu mume wangu alikuwa na kidole hichohicho. Chupa zake nilikuwa nazitoa mimi."

Nikaaga.

Ijumaa, 10 Mei

Jalila na Emna wamekuja kula kuskusi kwetu. Nikaanza tena habari ya *in* na *idha*. Emna akanikatiza — kwa adabu, lakini alinikatiza!

"Baba, wiki nzima mnabishania vidole. Mwenyewe si huyu hapa?" Akamgeukia. "Lamine, unakunywa?"

Nilisubiri akanushe. Alikuwa akitazama sahani.

"Nakunywa. Nimejaribu kuacha mara mbili, Emna. Nimeshindwa."

Mke wangu akaanza kuondoa vyombo vilivyokuwa bado na chakula. Nilidhani Jalila atajigamba. Alikuwa analia.

Kipimo kile ni upuuzi. Nasema hivyo hata sasa. Alibahatisha tu!

Emna ametuambia jibu atalitoa yeye, si mama yake wala mimi, na kwanza anataka kuzungumza na Lamine. Wako uani. Nimekaa mbali na dirisha, nisije nikasikia. Akishaamua, nitaandika.