Kwa Mama Mkwe Aliyesema Naumwa

Mama,

Shikamoo. Wiki hii tumevuna ulezi wako, umetoka vizuri. Nimeona nikuandikie, maana siku ya mazishi yako nilishindwa kusema ulichonifanyia.

Unakumbuka nilivyokuja hapa Nyambureti kuolewa? Mwanao Chacha alirudi kuchimba dhahabu Nyamongo, mimi nikabaki na hofu. Kila nikisali, neno chafu juu ya Mungu linaingia kichwani, naanza upya. Mara kumi, mara ishirini. Halafu nanawa mikono, nanawa tena, mpaka ngozi inapasuka na pipa la maji limekauka. Kanisani wakasema imani yangu ni ndogo, nifunge. Nikafunga, nikazidiwa. Chacha akija tunagombana, na tukigombana ndiyo hali inakuwa mbaya zaidi. "Nilioa mke au nilioa beseni?" akaniuliza. Akataka kunirudisha kwetu Nyangoto.

Ukasimama mlangoni. "Haendi popote. Huyu anaumwa. Wewe ungevunjika mguu, tungekurudisha wapi?"

Na wewe, Mama, uliyeogopa pikipiki kuliko fisi, ukapanda bodaboda na mimi hadi hospitali! Daktari akasema ni ugonjwa, mawazo yanajirudia yenyewe, si dhambi yangu. Akanipa dawa na zoezi: nisali mara moja tu, niinuke. Ilikuwa kama kufa. Ukanishika mkono wenye vidonda. "Mungu si mwalimu wa hesabu, akusahihishe. Amesikia. Twende tukapalilie." Tukapalilia, udongo umejaa kwenye kucha, mimi nalia, wewe unaimba. Karibu mwaka mzima, kila siku. Hukuchoka. Sijui nguvu ile uliitoa wapi.

Ulipofariki ugonjwa uliamka tena. Safari hii Chacha mwenyewe alinipeleka kliniki. Aliingia ndani, akamuuliza daktari maswali, na tukiwa njiani akaniomba msamaha. Mama, mwanao! Na Jumapili iliyopita akina mama wa kanisani walinipa niongoze sala. Katikati neno lile likaja. Nikaendelea. Nikasema amina, nikakaa.

Pumzika sasa. Mdogo wake Chacha anaoa mwakani. Mke wake akija hapa na shida yoyote ya moyoni, nitamsikiliza kabla mtu hajamhukumu. Hilo nakuahidi.

Mkweo,
Bhoke