Nilipanga Bei ya Kidonda Nisichokiona

Mpendwa mshauri, naomba unisikilize kabla hujanihukumu, maana aibu hii sijamwambia hata mke wangu. Mimi ni ofisa wa bima ya afya ya serikali, kitengo cha malipo, kazi yetu ni kupanga kila huduma ilipwe kiasi gani, na ili kujua hilo tunatumwa kwenye vituo vya afya kukaa na wauguzi, kupima dakika wanazotumia, kuhesabu bandeji na glavu, kisha takwimu zinajumlishwa na bei inatoka, na ikishatoka kituo hakiruhusiwi kumdai mgonjwa hata senti juu yake. Miaka miwili iliyopita nilipewa vituo tisa nipime usafishaji wa vidonda, nikaenda kimoja tu, nikamkuta muuguzi anamfunga fundi bomba aliyechubuka kiganja, dakika sita kazi kwisha, na kwa kuwa mvua ilikuwa inanyesha na njia za kwingine ni tope tupu, nikarudi nyumbani nikajaza fomu nane zilizobaki kwa kuongeza dakika hapa na kupunguza pale ili zisifanane, posho ya safari nikaila, na bosi akanisifu kwa kuwahi kumaliza.

Bei ikatoka, ndogo, nami nikasahau, mpaka shangazi yangu aliyenilea tangu nina miaka minne alipopata kidonda cha kisukari kwenye unyayo, kila nikimuuliza anasema "naendelea vizuri, mwanangu", na huku soksi inanuka. Nikampeleka kituoni mwenyewe. Muuguzi, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa plasta, akamwambia, "Mama, zamani kidonda kama hiki nilikuwa nakisafisha mpaka ndani, karibu saa nzima. Siku hizi mkubwa wetu anasema bima inalipia dakika sita, zaidi ya hapo ni hasara. Nafunga juu juu tu, unisamehe." Kisha akanigeukia, "Aliyepanga bei hii, kaka yangu, sijui kidonda alikiona kwenye picha!"

Shangazi akacheka, akasema, "Mwache, huenda naye alidanganywa." Mimi nimesimama nimeshika kiatu chake, mshauri, nikainama nikamvisha.

Wiki tatu baadaye hospitali ilimkata vidole viwili. Bado anawaambia wageni, "Huyu mwanangu ni mtu wa bima, ndiye aliyenipatia kadi." Mwezi ujao bei zinapitiwa upya na bosi ameniagiza nitumie takwimu zangu zilezile. Nikisema, kazi sina, na watoto watatu wananitegemea. Nikinyamaza, sijui nitamtazamaje shangazi. Nifanyeje?

Ofisa Mwenye Haya

Ndugu ofisa,

Pole ya kwanza naipeleka kwa shangazi, yako inafuata. Usiniletee habari za mvua na tope. Muuguzi alifika kazini kwenye tope hilohilo. Ulichofanya si uvivu tu, ni uongo ulioandikwa kwa kalamu ya serikali, na vidole vilivyokatwa huenda si viwili tu. Vidonda vya wengine hukuvishikia kiatu, ndiyo maana huvijui.

Hata hivyo, asiye na haya asingeniandikia. Nakuhurumia, lakini mficha uchi hazai.

Wiki hii, kabla ya kikao cha kupitia bei, mwandikie bosi wako barua. Usimwambie kwa mdomo koridoni, maneno ya korido hufia koridoni. Andika wazi kwamba fomu nane ulizitunga, omba zifutwe, na posho uirudishe. Omba uende kwenye vile vituo nane kwa nauli yako, ukae mpaka kidonda kirefu kuliko vyote kimalizwe kufungwa. Na yule mama wa miwani aitwe kikaoni aseme mwenyewe. Je, utafukuzwa? Huenda. Mwambie mkeo leo, mjipange kwa hilo, ila watoto wako wasiwe kisingizio cha kuwaumiza mama za watu.

Kwa shangazi nenda kabla hajasikia kwa jirani. Usibebe zawadi. Kaa chini, mweleze lote, na usilie hadi awe yeye wa kukubembeleza. Akinyamaza, nyamaza naye. Akikufukuza, toka. Kesho yake asubuhi rudi umpeleke kusafishwa mguu.